Tangazo Alilolisoma Tata

Mwanangu Muta,

Karatasi ile niliiandika mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi naipita kando, nasema "na makosa mengine," kana kwamba Mungu hajui kusoma.

Najua umecheka hapo kwenye "mwanangu." Cheka tu. Umenizidi miaka miwili na kichwa kizima, na tulipokuwa wadogo ulinibeba mgongoni kuvuka tope la njia ya kisimani. Lakini mama yako ni dada yangu, tumbo moja, na kwetu Wahaya hilo limekwisha: mimi ni mama yako mdogo na wewe ni mwanangu, hata kama ningekuwa bado nanyonya. Mbele ya wageni unaniita "mama" kwa sauti ya kupinda-pinda mpaka babu yako, Tata wangu, anakohoa. Leo nimeamua kukitumia cheo hicho, maana sina kingine.

Tena nimetumwa. Mchana Dada Ester alikuja chumbani, mikono imejaa utomvu wa ndizi anazokumenyea, akasema, "Kemi, wewe nawe ni mzazi. Mwandikie mtoto neno la kuondokea kwenda chuo. Mimi nikishika kalamu nalia." Akaniagiza nikukumbushe chandarua, na usiazime watu nguo zako, na Jumapili usilale. Hayo atakuambia mwenyewe, tena na tena, mpaka dereva achoke. Mimi nina mengine.

Naandikia kitandani, mlango nimeurudisha. Kila anayepita kwenye korido nasukuma kurasa chini ya godoro na kujifanya nasoma Biolojia. Nimeshazisukuma mara nyingi mpaka zimejikunja pembe, usinicheke kwa hilo pia.

Nianze na jioni ile ya maharage. Unaikumbuka? Tulikuwa sebuleni tunabangua, Tata kwenye kiti chake, mimi na wewe kwenye mkeka, na redio inasema mambo ya uchaguzi. Wewe ukasema tu, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mimi siendi kupiga kura, Babu."

Tata akacheka kwanza. "Unaumwa?"

"Siumwi. Sioni wa kumpa."

"Huoni wa kumpa." Akazima redio. "Kijana, mimi nilipokuwa na umri wako, wakati wa vita, nilibebeshwa sanduku la risasi kwenda nalo mpakani. Hakuna aliyeniuliza kama namwona wa kumbebea. Tuliitwa, tukaitika."

"Ndiyo, Babu. Sisi tukiitwa tunauliza kwanza nani anaita."

"Na ukishamjua?"

"Tunauliza anaitia nini."

"Kufika hapo nyumba imeshaungua!"

"Au tumegundua hakuna moto, Babu."

Niliuma mdomo nisicheke. Tata alikuwa amekasirika, lakini nilimwona pia amefurahi kidogo, kama mtu aliyepata wa kucheza naye bao. Mngefika mbali jioni ile, nadhani. Ila Dada Ester akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nyamazeni. Mnaongea kama watu wenye nchi ya akiba." Akafunga dirisha, moja, halafu la pili, na joto lote lile.

Hukuwahi kumwuliza mama yako kwa nini anafunga madirisha. Mimi alinisimulia siku moja tukisuka mikeka, bila mimi kumwuliza, kama watu wanavyosimulia mikono ikiwa na kazi. Alipokuwa msichana, wewe hujazaliwa, alipanda lori la mkutano wa upinzani pale mjini. Aliimba mpaka sauti ikakauka. Alivaa fulana ya bure iliyomfika magotini. Anasema ndiyo siku pekee maishani aliyojiona mrefu. Aliporudi sokoni kesho yake alikuta meza yake ya nyanya ina mtu mwingine, na kila aliyemwuliza alimwambia aulize kwa mwingine. Hakupigwa, hakutukanwa. Hakuipata tena meza, basi. "Tangu hapo, Kemi," akaniambia, "napiga kura, narudi, napika."

Kwa hiyo nyumba yetu ina watu wa namna tatu. Tata anaamini kwa sababu aliitwa, na alipoitika aliona kazi ya mikono yake. Mama yako aliwahi kuamini kitu kingine, kikamgharimu meza, akaweka imani ndani pamoja na fulana. Halafu sisi. Sisi hatuna kadi ya chama wala kofia, tuna bando la wiki. Tunacheka kila kitu. Wazee wanadhani kucheka ni kudharau. Mimi nadhani ni namna yetu ya kufunga madirisha.

Jioni ile mlipigana maneno wote watatu, na mimi nilikuwepo, bakuli la maharage mapajani, na hakuna aliyeniuliza, "Wewe je, Kemi?" Sikulaumu. Mtu asiyeongea anafanana na kiti. Lakini nilikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa la kumwuliza Tata, si serikali.

Unajua ninavyokuwa shuleni? Hutaamini. Kwenye midahalo ya Kiingereza mimi ndiye msemaji wa kwanza. Nasimama, natikisa kidole, nasema haki, nasema uwajibikaji, nasema mambo ya kumfungisha mtu, na moyo haushtuki. Maneno yale ya Kiingereza hayana ndugu hapa Kanazi, ndiyo maana. Nikiyasema hayaendi kwa mtu. Ila nikisema neno lile lile kwa Kiswahili, namwona Tata, naona ofisi ya kata, namwona mama yako na dirisha lake. Tumefundishwa kusema kwa lugha mbili, Muta, na mimi nimejifunza kunyamaza kwa zote mbili.

Kwa hiyo nikaandika. Unajua matangazo yanavyokwenda pale usharikani: mwenye tangazo anaandika kikaratasi, anakitia kwenye kikapu mlangoni, mzee wa kanisa anavisoma vyote baada ya mahubiri. Mzee mwenyewe ni Tata. Mimi nilidhani, kama mjinga, kwamba anavipitia kwanza. Nilimwona kichwani mwangu, amekaa peke yake kwenye kile chumba cha nyuma, amevaa miwani, anafungua kikaratasi changu cha herufi kubwa zisizo na mwandiko, anasoma, anafikiri. Nilitaka aulizwe na mtu asiyemjua, ili ajibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima. Basi. Sikutaka mwingine yeyote asikie.

Kumbe Tata havipitii. Miaka yote hiyo hajawahi. Nilimsikia baadaye akimweleza mchungaji kwa heshima: "Tangazo ni mali ya mtu, waitu. Halikaguliwi." Ndiyo adabu yake ilivyo.

Basi akasimama. Akasoma uchangishaji wa mabati. Akasoma uchumba wa binti wa Ta Yosia. Akachukua cha tatu, akakisogeza mbali kidogo na macho, na kwa sauti ile ile ya mabati akasoma:

"Tangazo. Kuna vijana katika usharika huu wanatafuta mahali pa kuuliza. Kwenye mkutano wa kijiji wanaambiwa wao ni watoto. Wakati wa kampeni wanaambiwa wao ni taifa. Wanaomba kujua ni siku gani wanakuwa watoto na siku gani wanakuwa taifa. Pia wanawauliza wazazi: mlituogopesha ili tuwe salama, au mliogopa wenyewe mkatuachia uoga uwe urithi? Mwenye jibu asiwe na haraka. Tutasubiri."

Alisoma mpaka mwisho. Macho yalikuwa yametangulia, masikio yakafuata nyuma. Nilimwona neno la mwisho lilipomfikia. Alikikunja kile kikaratasi vizuri, mara mbili, akakitia mfukoni mwa koti. Niliweza kumsikia kuku wa sadaka akipekua nje.

Halafu wewe, kutoka benchi la kwaya: "Amina!"

Vijana wakapiga makofi. Mtu nyuma yangu alikuwa ameshika simu juu tangu kwenye uchumba, anamrekodi binti wa Ta Yosia, akaendelea kurekodi. Mnada wa sadaka siku hiyo haukufanyika sawasawa. Mkungu mzuri ule wa Ma Yustina ulikosa mnunuzi, watu wanatazamana tu.

Nje walikuzunguka. "Muta, umetuua!" "Muta, umemsomesha babu yako mwenyewe, huna adabu wewe!" Ukawaambia, "Mimi? Mwenye maneno hayo Mungu amzidishie wino." Na ukatabasamu. Mwanangu, lile tabasamu ndilo lililokuponza. Hukukubali, hukukana, ukaliacha lining'inie kama koti la mtu mwingine ulilojaribu likakutosha.

Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, kitabu cha nyimbo kifuani. Ningeweza kusema. Unajua kilichonizuia? Utadhani uoga. Uoga ulikuja jioni. Pale pale kilichonishika kilikuwa wivu. Walikuwa wanakusifu kwa sentensi zangu, na mimi nikasimama nikikuonea wivu kama mtu anayetazama nguo yake imependeza kwa mwingine. Nilikasirika nikanyamaza. Na ukishanyamaza siku ya kwanza, siku ya pili unahitaji sababu ya kwa nini ulinyamaza jana.

Halafu mambo yakaacha kuchekesha. Sauti ya Tata ikafika Bukoba, ikafika Muleba, watu wakaiwekea ngoma nyuma. Tata akaitwa ofisi ya kata. Aliporudi alikaa hapo barazani bila kuvua viatu, Tata anayetufokea sisi kwa viatu. Dada Ester akamwuliza, "Wamesemaje?" Akasema, "Wameniuliza nani aliniandikia." "Ukasemaje?" "Nimesema kikapu." Jumapili iliyofuata matangazo alisoma mtu mwingine, na Tata alikaa benchi la katikati kama mgeni.

Anaamini ni wewe. Ndiyo maana amekuamuru uzime simu. Ndiyo maana hakukugombeza: aliogopa akikugombeza utakiri, na akishajua hataweza tena kusema "kikapu" bila kudanganya. Umeona jinsi anavyokupenda? Mimi nimeona kila siku, kwa macho haya, nikala naye na kunyamaza naye.

Na yule fundi simu wa Bukoba, aliyekuwa akiwatumia watu ile sauti, umesikia. Walikuja kibandani kwake watu wasiosema ni nani, wakaondoka naye. Amerudi, ni kweli, hana jeraha linaloonekana. Lakini Dada Ester alikutana naye sokoni akamsalimu, na yeye akajibu akitazama viatu vyake. Kijana aliyekuwa hawezi kumrudishia mtu chenji bila utani!

Sasa nifike kwenye kitu kinachonikosesha usingizi, na ambacho karatasi ile ni ndogo mbele yake.

Juzi nilikuwa nakata majani ya migomba upande wa barabarani. Pikipiki ikasimama. Mwanaume mtu mzima, koti safi, uso wa upole. Nikapiga magoti pale pale kwenye majani, kama nilivyofundishwa tangu najua kutembea.

"Shikamoo, waitu."

"Marahaba, binti. Kwa mzee wa kanisa ni hapa?"

"Ni hapa."

"Huyu mjukuu wake anayekwenda chuo, bado yupo?"

"Yupo."

"Vizuri sana. Anasafiri lini? Tusije tukamkosa na zawadi yake."

"Jumatano, waitu. Basi la alfajiri."

"Anapandia wapi?"

"Stendi ya mjini."

"Na mzee anamsindikiza?"

"Hapana, waitu. Magoti yanamsumbua. Anakwenda peke yake."

Akaniangalia nilivyopiga magoti, akasema, "Umelelewa vizuri."

Pikipiki ilikuwa imeshapotea kwenye kona na mimi bado niko chini. Ndipo nikaona. Hakusema jina. Hakusema ni wa nani, ametoka wapi, hata ukoo. Kwetu hapa hata mwizi wa kahawa akikukuta shambani anakuambia kwanza yeye ni mwana wa nani. Na mimi nilimpa kila kitu, swali kwa jibu, kwa heshima zote. Hakunitisha. Angenitisha labda ningenyamaza, kunyamaza nakuweza. Alikuwa mtu mzima, akauliza, nikajibu. Kanisani niliuliza maswali makubwa kuhusu uoga, halafu mbele ya nyumba yangu mwenyewe mtu mmoja mpole akaniinamisha kwa shikamoo.

Huenda ni mtu mwema. Nimejaribu kuamini hivyo siku mbili hizi. Huenda ni mtu wa chuo, huenda kweli ana zawadi. Halafu namkumbuka yule fundi simu akitazama viatu.

Nilipanga barua hii niifiche kwenye begi lako, chini ya suruali mpya, uikute ukishapita Biharamulo, ambako huwezi kurudi kunishika masikio. Nimeandika mpaka hapa kwa mpango huo. Na hapa ndipo nimeona nilivyo. Naandika kurasa hizi zote kukuonya kuhusu stendi, halafu nizifiche mahali utakapozisoma ukishaipita stendi! Muta, mimi si mwenye haya tu. Haya yangu yanataka kukuua.

Maana hata wewe hupo. Uko Kagoma kuaga upande wa marehemu baba yako, simu imezimwa, na utarudi giza likiingia, ule, ulale kidogo, uondoke. Nikikungoja nikunong'oneze, najijua: nitasema "safari njema" na kukimbilia jikoni. Wa kubadilisha mambo ni Tata. Tiketi iko kwake. Yeye anaweza kumtuma kijana wa bodaboda sasa hivi, jua likiwa bado linaonekana, akakuambie ulale huko huko Kagoma, usikanyage Bukoba, na siku nyingine, yoyote, upandie Muleba bila sisi kumtangazia mtu. Lakini Tata hatabadilisha safari kwa sababu binti yake ameota vibaya. Ataniuliza. Na nikimwambia ya yule mtu wa pikipiki, ataniuliza mtu huyo anakutafutia nini, na nikianza kujibu hapo sitaweza kusimama katikati.

Naogopa, mwanangu. Naogopa uso wa Tata akijua kwamba aliyemsimamisha pale mbele na kumnyang'anya matangazo yake ni mtoto aliyekuwa akimfutia miwani. Naogopa kwamba sasa hataweza tena kusema "kikapu." Naogopa wakija watanikuta mimi, na sijui msichana wa kidato cha tano wanamwuliza nini, na kama nitapiga tena magoti. Hili la mwisho ndilo naogopa zaidi.

Sikuambii unyamaze huko uendako. Mama yako atakuambia. Sikuambii useme, nani anisikilize mimi? Naweza kukuambia nilichokiona tu. Nilidhani uoga wangu ni wangu, naukalia mwenyewe kimya kimya, haumsumbui mtu. Kumbe ulihama. Ulitoka kwangu ukaenda kukaa kwako, ukatangulia kukungoja stendi. Nadhani hata wa mama yako ulihamia kwangu hivyo hivyo, kupitia dirishani, ingawa alikuwa amelifunga. Ukiogopa, ogopa kwa jina lako. Na usikubali sifa za mtu mwingine hata kwa tabasamu, zinakuja na madeni yake.

Ukikasirika nami, kasirika. Ukiacha kuniita mama, nitaelewa, ingawa nilikuwa nimeanza kuzoea.

Kuna mtu anatembea korido. Si Dada Ester, yeye huwa anakokota ndala. Ni viatu. Ni Tata, anakuja polepole, anashika ukuta kwa ajili ya magoti.

Mkono wangu wa kushoto umeshaanza kwenda kwenye godoro. Nimeukalia. Kurasa ziko hapa juu ya shuka, zote, ile ya kwanza juu.

Amesimama mlangoni. Anasema, "Kemilembe, upo? Nimekuwa nikipita, sikusikii."

Nimemwambia, "Nipo, Tata. Ingia. Na umwite kijana wa bodaboda, tuna pa kumtuma."